Taa za onyo baada ya kuunganisha skrini mpya kwenye kompyuta ya mezani: dalili, sababu na utatuzi

Malalamiko yanayomfikia fundi kuhusu jambo hili hufanana sana. Mtu amenunua skrini mpya, ameiunganisha na kompyuta yake ya mezani, amebonyeza kitufe cha kuwashia, na badala ya picha amepata taa: ya rangi ya machungwa, nyekundu, au nyeupe ndogo iliyojificha ndani ya kasha. Hapo huamua kwamba skrini ni mbovu au kwamba imeiharibu kompyuta. Yote mawili huweza kutokea, lakini ni nadra. Mara nyingi zaidi, ili skrini iunganishwe, kompyuta ilisogezwa na kugeuzwa, nyaya zikavutwa, plagi zikahamishwa kutoka soketi moja hadi nyingine, na kebo au adapta mpya ikaingia kazini, na mojawapo ya hayo ndilo lililowasha taa. Kabla ya kuirudisha skrini dukani, orodhesha kila kitu kilichoguswa siku hiyo.

Mifano mingi hapa chini inatokana na kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika, hasa Dell OptiPlex na HP, kwa sababu ndizo zilizojaa madukani kwetu na ndizo ambazo watu huzinunulia skrini mpya. Mashine zilizoundwa na fundi kwa vipuri zina sehemu yake.

Kutambua taa kabla ya kuitafsiri

Taa za onyo ziko za makundi matatu. Taa ya skrini, ambayo huwa ukingoni upande wa chini, hueleza habari za skrini peke yake: huwa nyeupe, bluu au kijani skrini inapopokea picha, na huwa ya machungwa, au humweta polepole, skrini inapokuwa na umeme lakini haipokei chochote. Taa ya kitufe cha kuwashia kwenye kasha hueleza habari za pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), RAM (kumbukumbu ya muda), prosesa na bodi mama, ambayo mafundi wengi huiita madabodi. Kundi la tatu ni taa ndogo zilizo juu ya bodi mama yenyewe, ambazo huonyesha kompyuta imekwama katika hatua ipi ya kujikagua.

Zipo pia taa ambazo si onyo hata kidogo, ingawa zimewatia wengi hofu bure. Taa za machungwa na kijani kwenye tundu la kebo ya mtandao huonyesha kasi ya mtandao na mwendo wa data, na katika mashine nyingi hubaki zikiwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Taa ya diski humetameta kila diski inaposomwa. Taa moja ndogo inayowaka juu ya bodi mama mara tu plagi inapochomekwa ukutani ina maana kwamba umeme wa akiba wa volti 5 umefika, basi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Washa kompyuta, subiri dakika moja, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock au Num Lock mara kadhaa. Ikiwa taa ya kibodi inawaka na kuzima kwa kuitikia kidole chako, kompyuta ni nzima na tatizo liko kwenye njia ya picha, kwa hiyo anza na dalili ya kwanza. Ikiwa haiitikii, kompyuta imekwama kabla ya kuwaka, na dalili ya pili ndiyo inayokuhusu. Kipimo hiki kinataka kibodi ya waya yenye taa, kwani kibodi nyingi zisizo na waya hazina taa hizo.

Tahadhari kabla ya kufungua kasha: zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hadi 30 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM au kadi yoyote. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na mtu asiye fundi wa kazi hiyo, kwa sababu kapasita zilizomo ndani yake huweza kuhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Dalili ya kwanza: taa ya skrini ni ya machungwa, kompyuta inaendelea kama kawaida

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi tiba yake haihitaji bisibisi. Skrini huandika “No Signal” kwa sekunde chache, kisha hulala na kubadilisha rangi ya taa.

Sababu ya kwanza ni skrini kusikiliza tundu lisilo lako. Skrini mpya nyingi zina matundu mawili au matatu, kwa mfano HDMI, DisplayPort na VGA, na si zote zinazotafuta zenyewe lenye picha. Bonyeza vitufe vya skrini, fungua menyu yake, nenda kwenye “Input” au “Source”, na uchague tundu ambalo kwa kweli umechomeka kebo.

Sababu ya pili ni kebo kuchomekwa kwenye tundu la bodi mama ilhali kompyuta ina kadi ya michoro, yaani kadi ya pekee ya kutengeneza picha. Matundu ya bodi mama huwa pamoja na yale ya USB na ya sauti; ya kadi ya michoro huwa peke yake, chini zaidi au pembeni, kwa mstari. Kompyuta yenye kadi huweza kuyafunga matundu ya bodi mama, na baadhi ya watengenezaji huyaziba kwa kizibo cha plastiki ili mtu asikosee. Nimekuta vizibo hivyo vimeng'olewa kwa kisu na kebo kuchomekwa hapohapo. Hamishia kebo kwenye kadi. Kwa mashine zilizoundwa na fundi, kumbuka kwamba prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina uwezo wa michoro ndani yake, na vivyo hivyo Ryzen 5 5600X ya AMD. Kwenye mashine hizo tundu la HDMI la bodi mama halitatoa picha kamwe, hata likikaguliwa mara ngapi.

Sababu ya tatu ni adapta, na hapa inafaa kutulia kidogo. OptiPlex 7010 na 9020, pamoja na HP EliteDesk 800 G1, zina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort, lakini hazina HDMI. Skrini mpya ya bei nafuu mara nyingi ina HDMI na VGA tu. Kwa hiyo mnunuzi huenda dukani kutafuta kitu cha kuunganisha, na huuzwa chochote chenye ncha mbili zinazoonekana sawa. Kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni ya upande mmoja: ncha ya DisplayPort lazima iwe kwenye kompyuta na ya HDMI kwenye skrini. Ukiigeuza, yaani HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini, haitafanya kazi, kwani safari hiyo huhitaji adapta yenye chipu na umeme wake. Kutoka VGA ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini pia huhitaji adapta yenye chipu, ambayo kwa kawaida huja na mkia wa USB wa kuipatia umeme, na mkia huo usipochomekwa taa ya skrini hubaki ya machungwa. Kutoka HDMI kwenda VGA kuna tatizo lake: tundu la HDMI linalazimika kutoa miliampea 55 tu za volti 5, na adapta inayotaka zaidi ya hapo hufanya kazi kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine.

Baada ya hizo tatu, kagua mambo madogo. Kebo ya DisplayPort huwa na kufuli ndogo. Isukume mpaka isikike ikibana. Kebo ya VGA ikague pini zake, kwani moja ikipinda picha huweza kukosa rangi au kukosekana kabisa. Chomoa skrini ukutani kwa dakika moja nzima kisha uirudishe, maana DisplayPort huanza kwa mazungumzo kati ya skrini na kompyuta, na mazungumzo hayo yakikatika katikati huhitaji kuanzishwa upya. Kwenye Windows, bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B ili draiva ya michoro ianze upya. Au bonyeza Windows na P, kisha mshale wa chini na Enter, ikiwa picha imepelekwa kwenye skrini nyingine isiyokuwepo.

Ipo sababu moja ya nadra inayowasumbua wenye kadi za NVIDIA za kizazi cha Maxwell na Pascal, yaani mfululizo wa GTX 900 na GTX 1000. Zikiunganishwa na skrini ya DisplayPort 1.3 au 1.4, baadhi yake hubaki na skrini nyeusi mpaka Windows ifunguke, au hukwama kabisa wakati wa kuwaka. NVIDIA ilitoa programu ya kusasisha kadi hizo mwaka 2018. Ili kuitumia, unganisha skrini kwa HDMI kwanza, ingia Windows, endesha programu hiyo, kisha rudisha DisplayPort. Umeme usikatike wakati wa kusasisha, kwa hiyo usifanye kazi hii siku yenye mgao wa umeme bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika).

Ikiwa umepita yote hayo, jaribu skrini hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine au laptopu, na kebo hiyohiyo kwenye skrini nyingine. Majaribio haya mawili yanatosha kumtambua mkosaji, na ndiyo ushahidi ambao mwenye duka atautaka kabla ya kubadilisha.

Dalili ya pili: taa ya kitufe cha kuwashia ni ya machungwa au nyekundu, au inamweta kwa hesabu

Hapa kompyuta yenyewe inalalamika, na skrini kwa kawaida haina hatia. Chomoa kebo ya skrini na uwashe tena. Taa ikibaki vilevile, sahau skrini kwa sasa. Taa ikiacha kulalamika mara tu kebo inapotoka, ruka hadi dalili ya nne.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni RAM iliyolegea. Kompyuta iliyokaa miaka mahali pamoja, ikalazwa ubavu ili mtu afikie matundu ya nyuma, kisha ikasimamishwa tena, huweza kupoteza mgusano kwenye nafasi za RAM ambazo tayari zilikuwa na vumbi. Chomoa vipande vyote vya RAM, futa sehemu ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli na kitambaa kikavu, kisha rudisha kipande kimoja tu na usukume mpaka vibanio vijifunge. Washa. Kama bado, jaribu kipande kingine, au nafasi nyingine. Ukarabati huu wa dakika tano umeokoa kompyuta nyingi zilizokwisha kutangazwa kuwa zimekufa.

Sababu ya pili ni kadi ya michoro, ikiwa imeongezwa pamoja na skrini. Kadi isiyokaa sawasawa, au kadi inayohitaji kebo ya ziada ya umeme ambayo haikuchomekwa, huizuia kompyuta. Nafasi ya PCI Express hutoa wati 75 kwa kadi. Kichwa cha pini 6 huongeza 75, na cha pini 8 huongeza 150. OptiPlex 9020 ya kasha dogo ina pawasaplai ya wati 255 tu, na ile ya kasha la mnara ina wati 290, na hizo ni za mashine nzima. Kadi ndogo kama GT 1030, inayotumia takriban wati 30, hukaa vizuri humo. Kadi kubwa ya michezo haitakaa, na taa ya machungwa ndiyo jibu lake. Itoe kadi, unganisha skrini kwenye bodi mama, na uone kama kompyuta inawaka.

Sababu ya tatu ni pawasaplai yenyewe. OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa ndogo ya kijani nyuma, karibu na plagi. Ukikibonyeza plagi ikiwa imechomekwa na taa ya kijani isiwake, jaribu soketi na waya mwingine kwanza, kisha uishuku pawasaplai. Kwenye OptiPlex 3020, 7020 na 9020, taa ya kitufe ya machungwa inayomweta mfululizo huonyesha kwamba umeme upo lakini pawasaplai haijathibitisha kuwa volti zake ni salama. Taa ya machungwa isiyomweta huonyesha kwamba pawasaplai huenda ni nzima na tatizo liko mbele yake, kwenye RAM, prosesa au bodi.

Taa inayomweta kwa hesabu ni bahati, kwa sababu imekutajia ugonjwa. Hesabu mara tatu kabla ya kuamini, na ni vizuri kuirekodi kwa simu kisha kuitazama polepole. Kwenye HP za kizazi cha nyuma, kama Compaq Elite 8300, taa nyekundu humweta mara moja kila sekunde kisha hupumzika sekunde mbili, na mara nyingi huambatana na mlio: mimweto 2 ni prosesa kupata joto kupita kiasi, 4 ni umeme, 5 ni RAM, 6 ni michoro, na 8 ni BIOS (programu ya bodi mama inayoiwasha kompyuta) iliyoharibika. HP za baadaye huchanganya mimweto mirefu myekundu na mifupi myeupe. 3 na 2 huelekeza kwenye RAM, 3 na 3 kwenye michoro. Mimweto ya RAM irudishe kwenye kifutio cha penseli, na ya michoro irudishe kwenye kadi.

Dell za sasa nazo huhesabu machungwa kisha nyeupe. Katika modeli nyingi za miaka ya karibuni, 2 na 3 ni RAM kutoonekana, na 3 na 2 ni kadi ya michoro au chipu yake. Lakini maana hizi zimebadilika kati ya vizazi, na mmweto wa 2 na 4 uliokuwa wa betri ya saa kwenye baadhi ya OptiPlex umekuwa wa RAM kwenye zilizofuata. Tafuta mwongozo wa modeli yako hasa, kwa namba iliyoandikwa kwenye kasha, wala usitegemee jedwali la mashine ya jirani.

Betri ya saa, ile ya duara aina ya CR2032 yenye volti 3, hustahili kutajwa peke yake. Kompyuta ya zamani iliyochomolewa ukutani kwa saa kadhaa, kwa mfano wakati meza inapangwa upya kwa ajili ya skrini, huweza kuamka ikiwa imesahau tarehe na mipangilio yake yote, na kusimama ikidai ubonyeze F1 kwenye skrini ambayo huioni. Badilisha betri, bei yake ni ndogo. Baada ya kuitoa, hasa kwenye mashine mpya zenye RAM ya DDR5, uwashaji wa kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, maana RAM inapimwa upya. Usiizime kwa haraka.

Simama na umwite fundi ikiwa kuna harufu ya kuungua, ikiwa kapasita za bodi mama zimevimba juu, ikiwa pawasaplai inatoa mlio wa cheche, au ikiwa taa inadai prosesa au bodi mama baada ya RAM kusafishwa na kadi kutolewa. Usijaribu pawasaplai ya Dell au HP kwa kuunganisha pini kwa kipande cha waya kama unavyoona kwenye video za mtandaoni, kwa sababu vichwa vyake katika modeli nyingi si vya mpangilio wa kawaida.

Dalili ya tatu: taa iliyoandikwa VGA inawaka juu ya bodi mama

Bodi za ASUS, MSI na nyinginezo huwa na taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Huwaka kwa zamu kompyuta inapojikagua, na inayobaki ikiwaka ndiyo hatua iliyokwama. Neno VGA hapa halihusiani na tundu la zamani la VGA. Lina maana ya michoro kwa ujumla.

Taa hii ina upekee mmoja unaohusu skrini moja kwa moja: kwenye bodi kadhaa huwaka hata kadi ikiwa nzima, iwapo kadi haikuona skrini yoyote wakati wa kuwaka. Kwa hiyo anza kwa kuwasha skrini kwanza, uihakikishe iko kwenye tundu sahihi, kisha washa kompyuta. Badilisha DisplayPort kwa HDMI, au kinyume chake. Halafu kagua kebo za umeme za kadi, na uitoe kadi na kuirudisha mpaka kibanio cha nafasi yake kilie. Ikiwa kadi ni ya zamani na BIOS imezimwa upande wake wa zamani unaoitwa CSM, kadi isiyo na programu ya UEFI, yaani mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani, haitatoa picha. Kufuta mipangilio ya BIOS kwa kutoa betri ya saa dakika 5 hadi 10, plagi ikiwa imechomolewa, hurejesha hali ya mwanzo kwa bodi nyingi.

Dalili ya nne: kompyuta imezimwa lakini taa au feni inaendelea, au haiwaki mpaka kebo ya skrini itolewe

Dalili hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, na ndiyo pekee ambapo skrini au kebo yake ndiyo inayoifanyia kompyuta jambo baya. Umeme unatoka kwenye skrini na kuingia kwenye kompyuta kupitia kebo, kinyume na inavyotakiwa.

Kebo ya DisplayPort ina pini 20, na pini ya 20 katika tundu hutoa volti 3.3 kwa ajili ya adapta. Tundu la kompyuta hutoa volti hizo, na la skrini hutoa pia. Kwa kanuni za VESA, shirika linaloweka viwango vya DisplayPort, kebo ya kawaida isiiunganishe pini hiyo ncha hadi ncha. Kebo nyingi za bei nafuu huiunganisha. Matokeo yake, skrini iliyo na umeme hupeleka volti 3.3 ndani ya kadi ya michoro ya kompyuta iliyozimwa: taa hafifu hubaki ikiwaka, bodi mama huchanganyikiwa inapotakiwa kuanza, na mwenyewe hugundua kwamba kompyuta inakubali kuwaka pale tu anapoichomoa skrini. Nimewahi kuona kompyuta iliyobadilishwa pawasaplai mara mbili kwa kosa la kebo hii.

Kipimo ni rahisi. Zima kompyuta na uchomoe plagi yake ukutani, lakini uiache skrini ikiwa na umeme. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Ikiwa taa yoyote ndani ya kasha bado inawaka, au feni inashtuka, umeme unaingia kwa kebo. Chomoa kebo ya DisplayPort. Taa ikizima, umeipata. Isipozima, chomoa kebo ya USB inayotoka kwenye skrini kwenda kwenye kompyuta, kwani skrini zenye matundu ya USB ubavuni huweza kurudisha volti 5 kwa njia hiyo.

Kwa kebo mbovu, dawa ni kununua nyingine iliyothibitishwa na VESA, au kutumia HDMI ikiwa ipo. Kwa USB, fungua menyu ya skrini na uzime chaguo la kuchaji wakati skrini imelala. Chaguo hilo lisipokuwepo, acha kebo hiyo bila kuichomeka, maana picha haiitegemei. Usiendelee kuitumia kompyuta katika hali hii kwa miezi, kwa kuwa umeme unaoingia usipotakiwa huweza kuiharibu tundu ya kadi.

Dalili ya tano: picha inaonekana mwanzoni kisha inapotea, au skrini inaandika “Out of Range”

Kompyuta inaipelekea skrini kipimo cha picha isichokiweza, au kebo haikiwezi. Hutokea zaidi Windows inapokumbuka mipangilio ya skrini ya zamani. Ingia kwenye hali salama ya Windows, au unganisha skrini ya zamani kwa muda, chagua 1920 kwa 1080 na Hz 60, kisha rudisha mpya. Adapta za bei nafuu za DisplayPort kwenda HDMI huishia karibu na kiwango hicho, kwa hiyo skrini ya 2560 kwa 1440 yenye Hz 144 inayopitia humo itaendelea kukataa mpaka ipate kebo inayoifaa.

Dalili ya sita: UPS inalia na kuonyesha taa nyekundu

Skrini ya inchi 24 hutumia kiasi cha wati 20 hadi 30, kwa hiyo yenyewe ni nadra kuizidi UPS. UPS ya VA 650 hubeba takriban wati 360 hadi 390, lakini betri yake ikichoka, mzigo mdogo tu ulioongezwa hutosha kuifanya ilalamike. Angalia pia ekstensheni iliyochomekwa kwenye UPS hiyo: mara nyingi skrini mpya ilikuja na ekstensheni mpya, na ekstensheni ikawakaribisha printa na birika la chai. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ya kompyuta kamwe.

Dalili ya saba: cheche ndogo, mwili kutekenywa na umeme, kisha tundu la picha kufa

Mtu anachomeka HDMI, anaona cheche, taa ya skrini inabadilika kuwa ya machungwa, na tundu hilo halitoi picha tena. Au anagusa chuma cha kasha na kuhisi mtekenyo vidoleni. Hili si tatizo la skrini wala la kompyuta. Ni soketi isiyo na ethi (waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini), au plagi ya pini tatu iliyoingizwa kwa nguvu kwenye adapta ya pini mbili.

Kichujio kilicho ndani ya pawasaplai hutegemea waya wa ethi. Waya huo usipokuwepo, chuma cha kasha huelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, yaani karibu 115 kwa umeme wetu wa 230, kwa mkondo mdogo sana. Mkondo huo hauui, lakini unatosha kuunguza chipu ya HDMI pale kompyuta iliyo kwenye soketi moja inapounganishwa na skrini iliyo kwenye soketi nyingine. Mpaka ethi itengenezwe, chomoa plagi zote mbili ukutani kabla ya kuunganisha kebo ya picha, na uzichomeke zote kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya ethi ili plagi iingie.

Hapa fundi wa kompyuta hana kazi; mwite fundi umeme apime soketi. Ikiwa mtekenyo ni mkali, au unahisiwa pia kwenye bomba la maji au friji, zima swichi kuu na usubiri afike.

Ukifika kwa fundi wa kompyuta baadaye kwa ajili ya tundu lililokufa, mpelekee vitu vinne: namba ya modeli ya kompyuta na ya skrini, video ya taa inavyomweta, kebo na adapta zilezile ulizotumia, na maelezo ya matundu uliyokwisha kuyajaribu. Kebo ndiyo watu huisahau nyumbani, na bila hiyo atatumia ya kwake nzima, picha itatoka mara moja, nawe utarudi na kompyuta isiyo na kosa lolote mpaka utakapoichomeka tena ile yako.